Mita Arobaini Kuelekea Lindi

Kutoka kwenye boya hadi mlingotini:
mapigo kumi na nane ya miguu.
Nimehesabu hivyo miaka tisa
nikiwatangulia wageni waliolipa kuona kutu.
Siku ambayo huoni hata mkono wako, hesabu.
Kumi na nane, nyoosha kiganja, chuma kipo,
baridi, kimeota ndevu za majani.

Meli yenyewe ndogo. Sisi wa Mikindani tunaiita Saruji;
jina lake halisi lililiwa na chaza.
Ilishusha nusu ya mzigo Mtwara,
nusu ikabaki ya Lindi,
ikapanda mwamba kabla nahodha hajamaliza chai.
Ndani ya nusu ile, mifuko mia mbili
ilikuwa ya babu yangu, Bakili Nambunga wa Mtanda.
Risiti tunayo, imekunjwa mara nne kwenye kopo la biskuti.
Matofali yake yaliishia usawa wa madirisha.
Juu akamalizia kwa fito na udongo,
akasema ni kwa muda.

Ni kwa muda mpaka leo.

Ngamani, karatasi za mifuko zimeoza zamani,
saruji imebaki imelala kama mito ya kitandani,
kila mmoja na alama ya mshono wake.
Wageni hupiga picha.
Mimi hupita juu yake polepole.
Sijawahi kujua ipi yetu.

Kisha kimbunga.
Redio ilikiita kwa jina zuri, la kumpa mtoto.
Tulifunga mitungi ya hewa kwa kamba,
tukalala darasa la tatu pamoja na mbuzi wa watu,
na bahari usiku kucha ikanguruma
kama lori la kokoto linalopanda mlima
na halifiki.
Siku ya nne maji bado yalikuwa ya kuoshea mchele.
Mfaume akasema, Somoe, subiri.
Nikashuka.

Kumi na nane. Nikanyoosha kiganja.
Maji.
Kumi na tisa. Ishirini.
Mchanga umetandikwa vizuri, kama kitanda cha aliyehama.
Nikaona haya,
mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.
Thelathini na moja: matumbawe yaliyovunjika,
meupe kwa ndani, kama nazi.
Arobaini na nne
nikaigonga meli kwa paji la uso.

Imelalia ubavu mwingine,
mgonjwa aliyegeuzwa na wauguzi.
Kiuno kimekatika. Mlingoti uko chini yake.
Chewa aliyekaa kwenye dohani hayupo;
dohani yenyewe haipo.
Mlango wa jiko, ulionigomea miaka tisa,
uko wazi kama wa duka,
na ndani birika, mdomo juu.
Tezi imefukiwa. Omo iko nje,
imesuguliwa na mchanga hadi herufi tatu za jina zimerudi.
Sitazitaja.

Nikatazama dira. Nikaitazama tena.
Omo imeelekea kaskazini.
Nikacheka, nikameza chumvi.
Mita arobaini, babu.
Safari imeendelea.

Mfaume hakucheka. Ana mkopo wa kompresa.
Akauliza lini wageni wataingia.
Bado, nikamwambia,
kuna mabati yananing'inia mle,
yanamsubiri wa kumwangukia.

Jioni nikampigia mama, Lindi.
Mifuko je?
Nikasema imetawanyika mchangani, mingine imepasuka,
ndani jiwe tupu.
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.
"Dawa ya deni kulipa," akasema,
"hata kama ni kwa mita."

Ramani yangu niliichora kwa rangi ya mafuta
ili isifutike.
Usiku huu naikwangua kwa kisu cha samaki.
Mpya ni ya penseli. Namba ya kwanza, arobaini na nne.
Mlango nimeuchora wazi.
Birika sikuligusa.
Huenda kuna mtu hajamaliza chai.